Asilimia 22: Kisa cha mwanafunzi wa poka aliyepiga hesabu sahihi na bado akawa analipa

Kuhusu kisa hiki

Mchezaji ninayemzungumzia hapa nilikaa naye kwa miezi kadhaa tukipitia kumbukumbu za mikono, yaani migao ya karata, aliyocheza. Naandika kwa ridhaa yake. Kosa lake huwapata wanafunzi wazuri, wale wanaosoma kwa bidii na kujua asilimia zao kwa kichwa, halafu wanatoka mezani mifuko mitupu na hawajui kwa nini. Jina, kazi, jiji na kasino nimeviondoa. Fedha nazo nimezigeuza: badala ya shilingi nahesabu kwa bulaindi kubwa, yaani lile dau la lazima linalowekwa kabla karata hazijagawiwa. Mwanafunzi nitamwita Kijana. Mpinzani wake mkuu nitamwita Mzee, maana hata pale mezani kila mtu alimwita hivyo.

Kwa msomaji asiyecheza, mambo machache. Katika poka ya Texas Hold'em kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza: tatu kwa mpigo, zinazoitwa flopu, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila hatua ina mzunguko wake wa dau. Ukiwekewa dau unaweza kutupa karata zako, kufuata kwa kulipa kiasi kilekile, au kupandisha. Fedha zote zilizokwisha wekwa katikati ni poti. Na kutishia nyau ni kuweka dau kubwa huku mkononi huna kitu, ili mwenzako aogope na kutupa.

Usuli

Kijana alianza na wenzake wa chuo, wakicheza kwa vifuniko vya soda. Alipopata kazi akaanza kwenda kasino yenye leseni kila Ijumaa jioni, akikaa meza ndogo kuliko zote kwa dau. Kilichomvuta ni hesabu. Ndani ya muda mfupi alijua kwamba karata mbili za mwanzo zinaweza kuja kwa namna 1,326, na kwamba ukipuuza tofauti za rangi zisizo na maana unabaki na aina 169. Alijua jozi yoyote, mathalani ya malkia, inapatikana kwa namna 6, na ree na mfalme kwa namna 16. Alijua kwamba ukiwa na karata nne za kopa baada ya flopu, zimebaki kopa 9, na uwezekano wa kupata ya tano hadi mwisho ni kama asilimia 35, lakini kwa karata moja tu ni kama 19. Watu wamecheza miaka kumi bila kujua hayo.

Baadaye akaingia kwenye video za wachezaji wakubwa wa Marekani na Ulaya, na kwenye programu za kukokotoa ambazo wachezaji huziita solva. Hapa inafaa tueleze kidogo, kwa kuwa ndipo mzizi wa kisa ulipo. Mwaka 2017 programu iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono 120,000 ya mmoja kwa mmoja, kwenye kasino mjini Pittsburgh. Mwaka 2019 ikafuata Pluribus, iliyowashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Msingi wa kazi hiyo ni wazo la mizania alilolitoa John Nash mwaka 1950: njia ya kucheza ambayo, katika mchezo wa watu wawili, hata mpinzani akiijua yote hana pa kukupatia. Solva anazouziwa mchezaji wa kawaida nazo hutafuta mizania hiyohiyo.

Ndani ya wazo hilo mna jambo ambalo Kijana hakuliona. Jibu la solva ni jibu dhidi ya mpinzani anayecheza vizuri naye. Linakulinda usiporwe. Halikuahidi kuchuma kila kinachochumika kwa mtu mwenye makosa, na huyo mwenye makosa ndiye aliyejaa meza ndogo za kila jiji.

Meza ya Kijana ilikuwa na watu wa aina mbili. Kulikuwa na wafuataji, waliokuja kuona karata. Akiwa na jozi yoyote, hata ya tatu, mfuataji hulipa hadi mwisho. Na kulikuwa na wakimya wa aina ya Mzee: anakunywa soda yake, anafuata, anafuata, hapandishi karibu usiku mzima. Wakali wa kwenye video, wanaopandisha na kupandishiwa tena wakiwa na kopa mbili za ovyo, hawakuwepo.

Tena Kijana alikuwa na hadithi aliyoipenda, na naitaja kwa kuwa ilimtawala. Mwaka 2003, kwenye mashindano makuu ya dunia ya poka jijini Las Vegas, mhasibu aitwaye Chris Moneymaker aliyeingia kwa njia ya mchujo wa mtandaoni wa dola 86 aliwashinda washiriki wengine katika kundi la watu 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Wakiwa wamebaki wawili, yeye na Sammy Farha, Moneymaker alisukuma chipu zote akiwa na mfalme na saba. Alikosa flashi (karata tano za rangi moja, kama kopa tupu), alikosa mfuatano (karata tano zinazofuatana), hakuwa na hata jozi. Farha, mwenye jozi ya tisa, ambayo ndiyo ilikuwa ya juu kwenye karata zile za meza, alifikiri sana, akatupa. Kijana aliweza kukusimulia mkono ule karata kwa karata.

Yaliyotokea

Wiki za mwanzo alishinda. Aliingia na bulaindi 100 kila usiku, akapanda hadi faida ya mizigo mitano ya namna hiyo. Akahitimisha kwamba kusoma kumelipa, akahamia meza yenye dau maradufu. Fedha alizotenga kwa mchezo, kwa kiwango kile kipya, zilitosha kuingia mara nne tu. Wachezaji makini hushauri mara 20 hadi 40, na si kwa woga: ni kwa sababu ya mtawanyiko ambao nitaufafanua.

Kisha akaanza kupoteza. Polepole kwanza, halafu usiku mmoja mizigo miwili. Alipoishiwa, alichukua fedha za mchango wake wa kikoba cha mwezi ule, akijiambia atazirudisha Jumatatu. Hazikurudi Jumatatu. Alipokuja kwangu alikuwa na maelezo tayari: ni bahati mbaya, hesabu zangu ziko sawa, nikivumilia zitageuka.

Maelezo hayo hayakuwa ya kijinga. Mezani kwa karata za mkono hugawiwa mikono 25 hadi 30 kwa saa, hivyo saa 110 za mchezo ni kama mikono 3,000 tu. Kwa mchezo usio na kikomo cha dau, matokeo hutawanyika kwa kama bulaindi 80 au zaidi katika kila mikono 100. Ukikokotoa kwa mikono 3,000, mtawanyiko huo unafika takriban bulaindi 440, juu au chini. Maana yake mchezaji anayepoteza polepole anaweza kumaliza miezi miwili akiwa na faida nono, na mchezaji mzuri akamaliza na hasara, bila yeyote kati yao kubadili chochote. Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili. Kama hasara ya sasa haithibitishi kwamba anacheza vibaya, basi ile faida ya mwanzo nayo haikuthibitisha kwamba alicheza vizuri. Aliyeitumia bahati kueleza hasara peke yake amechagua ushahidi.

Kwa hiyo tuliacha kutazama salio. Nilimwomba afanye jambo moja: kila mkono ambao angetia zaidi ya bulaindi 40, auandike kwenye simu kabla ya mkono unaofuata. Nani alikuwa mpinzani, dau lilikwendaje, alifikiri nini, na mwisho alionyeshwa karata gani.

Mkono mmoja kwa karibu

Huu ndio mkono uliotufungulia mlango. Kijana ana ree ya shupaza na mfalme wa uru. Anapandisha hadi bulaindi 4. Anafuatwa na mchezaji mmoja na Mzee, aliyekuwa kwenye bulaindi kubwa. Pamoja na bulaindi ndogo iliyotupwa, yaani dau la lazima la nusu ya kubwa, poti ni 12.5.

Flopu: mfalme wa kopa, tisa ya kopa, nne ya pau. Kijana ana jozi ya juu na ree pembeni. Mzee anapita, yaani haweki dau, Kijana anaweka 8, wa tatu anatupa, Mzee anafuata. Poti 28.5. Karata ya nne ni mbili ya uru. Mzee anapita, Kijana anaweka 18, Mzee anafuata. Poti 64.5. Karata ya tano ni saba ya shupaza. Mzee anapita tena. Kijana anaweka 25, akitarajia kulipwa na mfalme aliye dhaifu kuliko wake, na hapo hakukosea. Mzee anatazama chipu zake, anasukuma zote 70.

Kijana anatakiwa kuongeza 45. Poti sasa ina 159.5. Akifuata itakuwa 204.5, na 45 katika 204.5 ni asilimia 22. Akishinda mara 22 tu katika 100, kufuata hakumpi hasara.

Alichokiandika kwenye simu kinanivutia hadi leo kwa unadhifu wake. Alihesabu mikono inayomshinda ambayo aliona Mzee angeicheza hivyo: tisa mbili (pamoja na ya mezani zinakuwa tatu), namna 3, nne mbili, namna 3, mfalme na tisa, namna 6, kwa kuwa wafalme waliobaki ni wawili na tisa zilizobaki ni tatu, mfalme na saba, namna 6. Jumla 18. Kisha akatafuta mikono ya kutishia nyau. Kopa mbili zilizokosa flashi: kopa zilizobaki ni 11, na jozi za karata zinazoweza kutengenezwa kutoka 11 ni 55. Alikadiria kwamba Mzee angecheza kama 25 kati ya hizo, na akizitumia robo tu kutishia, ni kama 6. Sita katika 24 ni asilimia 25. Inazidi 22. Akafuata.

Mzee akageuza tisa mbili. Alipokuwa anavuta chipu alimwambia, bila kejeli yoyote, «Mwanangu, mimi nikipandisha huwa sina maneno mengi.» Kijana akajibu, «Nimekuelewa, Mzee wangu.» Wiki mbili baadaye, dhidi ya mtu yuleyule, alilipa tena.

Tulichokikuta kwenye kumbukumbu

Pitia hesabu ile mara tatu, hutapata kosa la kujumlisha. Bei ya 22 ni sahihi. Jumla ya 18 ni sahihi kwa mikono aliyoiorodhesha. Kopa 55 ni sahihi. Tatizo limekaa kwenye neno moja tu: robo. Hiyo robo aliitoa wapi? Aliitoa kwenye solva, ambapo mpinzani aliyekamilika hutishia nyau kwa kiasi kinachokufanya usijue la kufanya. Mzee hajawahi kufungua solva.

Tulipokusanya kumbukumbu, tukapata mara 9 ambazo Mzee alipandisha kwenye karata ya nne au ya tano na karata zake zikaonekana. Mara zote 9 alikuwa na jozi mbili au zaidi. Ni idadi ndogo, kweli. Lakini hata idadi ndogo inaweza kuulizwa swali. Kama kweli angekuwa anatishia mara moja katika nne, uwezekano wa kutokutwa hata mara moja kati ya 9 ni 0.75 kuzidishwa yenyewe mara 9, ambayo ni kama asilimia 7.5. Si jambo lisilowezekana, ila mtu anayeweka akiba yake juu ya hiyo asilimia 7.5 anajidhulumu. Na haikuwa lazima Mzee awe hatishii kabisa. Ilitosha awe anatishia chini ya asilimia 22.

Upande wa wafuataji ulikuwa mbaya zaidi, na humo ndimo ilimojificha hadithi ya Moneymaker. Kijana alikuwa anatishia nyau kwenye karata ya tano kwa ukubwa wa poti nzima. Dau la poti nzima linataka mwenzako atupe nusu ya mara zote. Dau la nusu ya poti linataka atupe theluthi. Mfuataji wa meza ile, mwenye jozi ya nne na kiu ya kuona karata, hatupi nusu. Hatupi hata robo. Moneymaker alifanikiwa kwa sababu mbele yake alikaa Farha, mtu wa kulipwa, anayejua kutupa jozi ya juu akihisi hatari. Ujasiri ule ulihitaji mtu wa kutupa. Kijana aliuona ujasiri, hakumwona Farha.

Tukahesabu pia mara ambazo Kijana alifuata dau kubwa kwenye karata ya tano akiwa na jozi moja. Zilikuwa 23. Alishinda 3, kama asilimia 13. Bei aliyokuwa anapewa ilikuwa wastani wa asilimia 25 hivi. Hapo sikuhitaji kuongeza neno. Aliisoma mwenyewe akanyamaza.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilihusu fedha, na nililiwekea sharti: hatukai tena na daftari hadi mchango wa kikoba urudi. Kikoba ni cha watu wengine pia. Mtu anayecheza kwa fedha zenye mwenyewe hawezi kutupa karata nzuri kwa utulivu, kwa sababu kila poti anayoiacha anaiona kama deni lisilolipwa. Alisimama kucheza kwa muda, akarudisha, kisha akatenga kidogo kidogo hadi akafikisha mizigo 30 ya meza ndogo kabisa. Aliporudi, alirudi pale chini alipoanzia. Lilimuuma kuliko yote.

La pili: dhidi ya Mzee na wakimya wenzake, jozi moja inatupwa wanapopandisha kwenye karata ya nne au ya tano, hata ikiwa ni ree na mfalme. Alibisha. Akasema solva inaonyesha kwamba ukitupa mara nyingi hivyo mpinzani atakutishia kila siku na utaporwa. Hoja ni ya kweli, ila inahitaji mpinzani atambue na abadilike. Mzee amecheza vilevile tangu Kijana amjue. Siku akibadilika, kumbukumbu zitaonyesha. Hadi wakati huo, ulinzi dhidi ya wizi usiofanyika ni gharama tu.

La tatu: dhidi ya wafuataji, hakuna kutishia nyau kwenye karata ya tano. Badala yake, akiwa na mkono mzuri, aongeze ukubwa wa dau. Mtu anayelipa nusu ya poti kwa jozi ya nane mara nyingi atalipa pia robo tatu. Hili ndilo lililoleta faida ya haraka kuliko mengine, nami naona wanafunzi wengi hulipuuza kwa sababu halina fahari. Hakuna anayesimulia kibarazani kwamba aliweka dau kubwa akiwa na jozi mbili na akalipwa.

La nne: kila baada ya mchezo, kabla ya kuhesabu chipu, achague mikono mitatu iliyomtatiza na aandike kama uamuzi ulikuwa sawa kwa alichokijua wakati ule. Salio liandikwe ukurasa mwingine.

Matokeo

Baada ya miezi mitatu alikuwa na faida ndogo. Siitumii kama ushahidi, kwa sababu ileile iliyonifanya niikatae faida ya mwanzo: mikono ni michache mno. Ninachoweza kukitegemea zaidi ni maamuzi. Katika kipindi hicho alifuata dau kubwa kwenye karata ya tano kwa jozi moja mara 8 tu, akashinda 3. Hizo nazo ni chache, lakini kupungua kutoka 23 hadi 8 hakukuletwa na bahati. Ni yeye aliyetupa. Kutishia nyau kwa wafuataji kulikoma kabisa baada ya kurudi nyuma mara mbili, usiku aliokuwa amechoka.

Mkono mmoja wa kipindi kile ninaukumbuka. Ree na mfalme tena, mfalme juu ya meza tena, Mzee akapandisha karata ya nne. Kijana akatupa bila kuonyesha. Mzee akauliza alikuwa na nini, Kijana akacheka tu, na Mzee akageuza nne mbili, seti (nne tatu pamoja na ya mezani), kwa hiari yake. Angekuwa na nyau, uamuzi ungekuwa sahihi vilevile. Hilo lilichukua muda kumwingia.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Elimu ya Kijana haikuwa bure. Bila kujua kwamba bei ni asilimia 22, hata swali la kuuliza asingelipata. Angebaki na «nahisi anayo» na «nahisi hana». Hesabu ya namna za karata ndiyo iliyotuwezesha kuona kwamba anahitaji angalau mikono 6 ya nyau, na kisha kuuliza kama Mzee anayo hiyo 6. Anayesema wanafunzi waache solva na asilimia, wasome nyuso tu, anawatoa kwenye shimo moja na kuwatia jingine. Kwa watu wa meza ile, nyuso hazikutusaidia hata mara moja. Kilichosaidia ni kumbukumbu ya nani alionyesha nini.

Kilichoshindikana ni mpangilio wa masomo. Alianza na jibu la mpinzani kamili kabla hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja kuhusu wapinzani alionao. Video za mabingwa zilimzidishia, kwa kuwa mikono inayorushwa ni ile ya kusisimua. Mkono ambao bingwa alitupa jozi ya juu na mchezo ukaendelea hauna watazamaji. Kuhama meza kwa sababu ya ushindi wa wiki chache kulikuwa kosa la pili, na ndilo lililoligeuza kosa la karata kuwa kosa la maisha. Kama angebaki meza ndogo, kufuata kwake kupita kiasi kungemgharimu fedha za vocha. Kwa dau maradufu na mizigo minne mfukoni, kulifika hadi kwenye kikoba.

Tena kuna ada. Kasino hukata sehemu ya kila poti, na kwenye meza ndogo sehemu hiyo ni nzito ukiilinganisha na dau. Tuseme ni asilimia 5: poti ya bulaindi 40 inaacha 2 mezani kwa wenye nyumba kabla mshindi hajagusa kitu. Mchezaji anayelingana na wenzake kwa ujuzi anapoteza kwa ada peke yake. Kijana hakuwahi kuiweka kwenye hesabu zake hata mara moja hadi tulipokaa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoingia kwenye poti nyingi kwa mikono ya kubahatisha.

Jambo lililotusumbua mwishoni lilitokana na dawa yenyewe. Wamekuja vijana wawili wapya mezani, waliojifunza kwenye video zilezile, na hao wanatishia nyau kweli. Katika mara 7 ambazo mmoja wao alisukuma kwenye karata ya tano na akaonyeshwa, 4 hakuwa na kitu. Kijana aliwatupia jozi ya juu mara kadhaa mfululizo, kwa mazoea mapya. Sasa kila mmoja ana ukurasa wake, na kwao ile hesabu ya asilimia 22 inarudi kazini na robo yake, pengine na zaidi ya robo. Huku ndiko masaa ya solva yanakoanza kumlipa, hasa kwenye swali la jozi ipi ya kufuatia. Ree ya shupaza na mfalme wa uru juu ya flopu yenye kopa mbili ni mkono mzuri wa kufuatia, kwa kuwa Kijana hana kopa hata moja, hivyo kopa zote 11 zinaweza kuwa kwa mpinzani aliyekosa flashi. Angekuwa na ree ya kopa badala yake, zingebaki 10, na namna 55 zingeshuka hadi 45, zile 10 zilizopotea zote zikiwa za ree, ambazo vijana wale hawaziachi kamwe. Kwa mikono ya namna hiyo ameanza kufuata. Kwa Mzee bado anatupa.